Spika ya Katikati

Siku ya tatu ya matanga ya mama yangu, watu kumi na saba walikaa sebuleni kwetu Seven Hills, Sydney, kumtazama akizikwa. Mama alizikwa Uvira, Kongo. Mimi sikwenda. Wiki ile njia za kufika kule hazikupitika, na hata kama zingepitika, walimzika siku ya pili, kabla sijapata hata ruhusa kazini. Kaka yangu mkubwa alitutumia video kwa simu, vipande tisa. Mume wangu akavihamishia kwenye flashi na kuichomeka nyuma ya televisheni.

Ndivyo tunavyofanya sisi Wakongo wa hapa. Mtu akifiwa kule nyumbani, tunakwenda kwake na viti vyetu na sufuria zetu, tunangoja video, na ikifika tunaitazama pamoja kama tumesimama kaburini. Wakiimba tunaimba. Wakisali tunainamisha vichwa. Udongo ukianza kumwagwa, wanawake wanalia upya, hata wale ambao hawakumjua marehemu.

Televisheni yetu ni kubwa, tuliinunua wakati wa punguzo, lakini sauti yake ni ndogo na inatokea nyuma, inagonga ukuta kabla ya kukufikia. Mama mzee, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote kanisani kwetu na ana sikio moja tu linalofanya kazi, aliwekewa kiti mbele kabisa. Hakukaa dakika tano.

"Mbona wananong'ona?" akauliza. "Siku hizi Uvira watu wanazikana kwa kunong'ona?"

"Sauti iko mwisho, mama mzee," mume wangu akasema, na rimoti mkononi.

"Mwisho wa nani? Mimi nasikia mbu."

Watu wakacheka ndani ya leso zao. Hata mimi nilicheka kidogo, na nikaona haya. Kisha mama mzee akanigeukia, akanishika goti.

"Na wewe, mara ya mwisho mliongea lini na mama yako?"

"Alhamisi," nikasema.

Mama alifariki Jumamosi. Wanawake wakashusha pumzi. Mmoja akasema afadhali, angalau mliagana. Jioni ile mchungaji alipofunga kwa sala, alimshukuru Mungu kwa Alhamisi ile, kwa kumpa mtoto aliye mbali nafasi ya kusikia sauti ya mzazi wake. Watu wote wakasema amina. Mimi pia.

Hatukuongea Alhamisi. Ninaandika jambo hili mapema ili asomaye asije akanihurumia mahali pasipostahili.

Mama alikuwa mtu wa kubipu. Simu inaita mara moja, anakata, anasubiri umpigie. Hata baada ya kumnunulia simu ya kupiga bure kwa intaneti, aliendelea kubipu, kwa sababu alizoea kwamba anayepiga ni yule mwenye uwezo. Kazini kwetu, kwenye ghala la Wetherill Park, simu zinabaki ndani ya kabati la chuma mpaka mapumziko. Alhamisi ile nilifungua kabati saa kumi na mbili jioni, nikaona mama amenipigia. Mara tatu. Kule kwao ilikuwa asubuhi. Nikafikiri ni bati la nyumba, kwa maana wiki iliyotangulia tulizungumza habari za bati, au ni ada ya mtoto wa mtu. Nikasema moyoni, nitampigia Jumapili baada ya ibada, kama kawaida. Nikarudisha simu kabatini. Nilikuwa nimebeba wali na maharage. Nikala wote.

*

Kwetu, mtu akizikwa, anasimama mmoja wa familia na kusimulia ugonjwa: ulianzaje, alipelekwa wapi, alipewa dawa gani, na mwishoni alisema nini. Anayesimulia hupaswa kusema yote. Akiruka kitu, watu wataulizana kwa nini ameruka. Kwa mama alisimama kaka, mbele ya kipaza sauti, na karatasi mkononi.

Sehemu ile ya video tuliisikia nusunusu. Aliyekuwa akipiga picha alisimama karibu na jenereta, nadhani kwa ajili ya waya wa kamera. Jenereta ilikuwa inanguruma, na upepo wa ziwani ulikuwa unapuliza. Maneno ya kaka yalikuja kama mtu anayeongea huku anapita nyuma ya magari. Tulisikia kwamba mama alikuwa na maneno kwa kila mtu. Kwa dada yangu, amtunzie cherehani na asimwazime mtu yeyote. Kwa mdogo wetu wa mwisho, aache pombe, na akishindwa basi anywe akiwa nyumbani. Hata kwa jirani mmoja, arudishe sufuria kubwa aliyoichukua tangu harusi. Hapo watu wa Uvira walicheka kaburini, na sisi tukacheka Seven Hills.

Kisha kaka akageuza karatasi. Akasema jambo, nikasikia "Australia." Jenereta ikanguruma. Nikasikia "mwenyewe." Basi. Baada ya hapo akakunja karatasi, wakaanza kuimba.

Usiku ule na asubuhi yake nilirudia kipande kile kwa visikizio vya simu mpaka masikio yakauma. "Australia." Ngurumo. "Mwenyewe." Nikampigia kaka.

"Mama aliniachia neno gani?"

"Alisema anakupenda sana."

Nikamshukuru. Lakini nilipoweka simu chini nilijua ananidanganya. Mama hakuwahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo, si kwa Kiswahili wala kwa Kifuliiru chetu. Tuliishi na mama kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi, nilijifungua mtoto wa kwanza huko, niliagana na mama nilipokuja Australia, na siku zote alikuwa akimaliza mazungumzo kwa namna moja: "Ufunge mlango vizuri." Hata hapa Sydney, kwenye simu, kila Jumapili: ufunge mlango vizuri. Kama angeniachia neno, lingekuwa neno la mlango, au la bati, au la kunigombeza. Lingekuwa neno lake.

Nikaamua nitalisikia. Matanga yetu yangemalizika siku ya arobaini, watu wangerudi, na video ingetazamwa tena yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama desturi. Nilikuwa na wiki tano.

*

Mimi si mtu wa spika. Niliishia darasa la sita, na vitu vya waya namwachia mume wangu. Nilipomwambia nataka sauti ya televisheni iwe nzuri kabla ya arobaini, sikumwambia sababu yote. Yeye alifurahi kama mtu aliyeitwa mezani.

"Mama watoto, ungesema siku nyingi. Tatizo ni besi. Hii TV haina besi."

"Hatuna pesa za vitu vipya."

"Nani kasema vipya?"

Kwenye mtaa wetu, zikifika wiki za kuondoa takataka kubwa, watu huweka kando ya barabara vitu ambavyo sisi tungevirithisha watoto: magodoro, baiskeli, meza, mashine za kufulia. Mume wangu amekulia mahali ambapo sauti nzuri ni ile inayotikisa bati la baa, na ya kanisani nayo hivyohivyo. Jumamosi alizunguka na gari, akarudi na sabufa, spika ya besi. Kasha jeusi, kubwa kama friji ndogo, lenye mkwaruzo ubavuni. Alilibeba kwa tumbo kupanda ngazi za ghorofa mbili. Halafu, kwenye duka la vitu vilivyotumika, akapata amplifaya ya zamani kwa bei ya kuku wawili. Nyumbani tulikuwa na spika nne ndogo zilizobaki katika seti yetu ya zamani. Ya tano ilikufa zamani, watoto waliimwagia juisi.

Alitumia mchana mzima kuunganisha. Nilimshikia tochi. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, alipita na bakuli lake la nafaka, akatazama waya zilivyotapakaa, akasema kwamba spika haiwezi kutoa kitu ambacho kamera haikukirekodi.

"Hukuulizwa wewe," baba yake akamwambia. "Kula."

Tukaweka kipande cha nne, kile cha kaka. Mume wangu akabonyeza.

Nyumba ilitetemeka. Vikombe viligongana kabatini. Haikuwa sauti ya kaka. Ilikuwa jenereta. Sabufa ilikuwa imeichukua jenereta ya Uvira na kuiweka katikati ya sebule yetu, na upepo nao ukawa kama lori linalorudi nyuma. Kaka alikuwa anafungua na kufunga mdomo tu kwenye kioo. Mume wangu alikuwa bado anatabasamu.

"Unasikia hiyo?" akasema. "Unasikia kitu kama hicho?"

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa chini, mwanamke mpole anayelea wajukuu. Aliuliza, kwa heshima sana, tunaendesha mashine gani, maana maji kwenye glasi yake yanacheza.

Ilikuwa jenereta ya msiba wa mama. Nikamwambia samahani, tumezima.

Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani. Mume wangu alikuja akasimama mlangoni.

"Kuna kitu hujaniambia."

Nikamwambia habari ya neno la mama, na kwamba kaka amenidanganya. Habari ya Alhamisi sikumwambia.

*

Kazini yuko Mkenya mmoja ambaye siku za juma anaendesha foklifti na Jumamosi anafunga vyombo vya muziki kwenye harusi za Waafrika. Nilimfuata wakati wa chai. Nikamweleza tulivyofanya. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye sabufa, akaweka kikombe chini.

"Dadangu, ngoja. Msiba. Na mkaanza na besi?"

"Mume wangu alisema—"

"Sisi wote ni hivyo. Nyinyi Wakongo mmezidi tu kidogo." Akacheka, halafu akaona uso wangu, akaacha. "Sikiza. Besi ni ya kucheza. Maneno ya mtu hayako huko. Maneno yanakaa katikati. Hiyo spika yenu iliyokufa, ilikuwa inakaa wapi?"

"Chini ya TV. Katikati."

"Ndio hiyo. Hiyo ndiyo mdomo. Nyinyi mmenunua tumbo." Alichukua karatasi ya kufungia mzigo akanichorea: televisheni, spika mbili pembeni, mbili nyuma, na moja ndefu chini ya kioo. "Tafuta hii, iliyotumika, isiwe ndogo. Halafu zima sabufa kabisa. Kwa hiyo amplifaya kuna mahali pa kupunguza sauti nzito na kupandisha ya katikati. Nitakuandikia. Na mume wako asikuone na hii karatasi, atasema natoka na wewe."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kazini tangu mama afe.

Spika ilipatikana Ingleburn. Mzee Mzungu aliyekuwa akihamia nyumba ndogo alikuwa anauza vitu vyake kimoja kimoja. Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, bado na nguo za kanisani, saa ambayo zamani ningekuwa nampigia mama. Mzee aliiunganisha kwanza ili tuisikie. Aliweka taarifa ya habari, mwanamke akisoma. Nilisikia jinsi yule mwanamke alivyomeza mate kati ya sentensi mbili. Mume wangu alianza kupatana bei. Mimi nilikuwa nimeshatoa pesa kwenye mkoba.

"Unaniharibia biashara, mama watoto," akasema kwenye gari.

"Umesikia alivyomeza mate?"

"Nimesikia." Akakata kona. "Haina besi, lakini."

*

Jumanne ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Watoto walikuwa shule, mume wangu kazini. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua limeingia hadi kwenye zulia. Nilifuata karatasi ya Mkenya mstari kwa mstari. Nikazima sabufa. Nikapunguza sauti nzito. Nikapandisha ya katikati mpaka alipoandika nisipite.

Nilikaa sakafuni, karibu. Jenereta ilikuwepo bado, lakini sasa ilikuwa nyuma, mahali pake, kama jenereta ya jirani. Na mbele yake alisimama kaka. Nilimsikia akikohoa. Nilisikia karatasi ikikwaruza kipaza sauti. Alisema habari ya cherehani. Alisema habari ya pombe. Alisema habari ya sufuria, watu wakacheka. Akageuza karatasi.

"Huyu wetu wa Australia," kaka akasema, "mama hakumwachia neno. Tulimuuliza mara mbili. Akasema, huyo nitampigia mwenyewe. Akaomba simu, tukamshikia. Alhamisi alimpigia mara tatu. Hakumpata."

Akakunja karatasi. Wakaanza kuimba.

Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilikuwa nawaza jambo moja dogo: hakubipu. Kwa mara ya kwanza maishani alipiga simu na kuiacha iite hadi mwisho. Mara tatu. Mtu wa kubipu akipiga mara tatu, mtoto wake anapaswa kujua. Nami niliiona tatu ile kwenye kioo cha simu, nyekundu, na nikafikiri bati.

Hata jirani wa sufuria aliachiwa neno. Mimi, mama alinitunzia langu mdomoni mwake, alitaka kunipa mwenyewe. Sasa liko Uvira, chini, pamoja naye. Hakuna spika ya kulileta.

Nilimpigia kaka. Kwake ilikuwa usiku wa manane.

"Nimesikia," nikasema.

"Umesikia nini?"

"Alichosema mama. Kwamba atanipigia."

Nilimsikia akikaa. Kitanda chake kililia.

"Umesikiaje? Mimi mwenyewe nilipotazama ile video sikuisikia sauti yangu."

"Tumenunua spika."

"Mmenunua spika," akarudia. "Mungu wangu. Unajua nilipoiona ile video nilifanya nini? Nilimshukuru mwenye jenereta. Nilisema, afadhali, hatasikia."

"Kwa nini ulisema pale, mbele ya watu?"

"Ningekuruka wewe? Ningesoma majina ya wote nikakuruka wewe? Wangesema mama alikulaani." Alipumua. "Sikusema kwa ubaya, dada. Kweli, siku ile nilikuwa na hasira kidogo. Lakini si kwa ubaya."

"Alikuwa anataka kusema nini?"

"Sijui. Nilimuuliza. Alisema hayanihusu."

Hapo ndipo nililia, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya mama kabisa.

*

Ijumaa, siku moja kabla ya arobaini, ambayo tuliisogeza hadi Jumamosi ili watu wasikose kazi, mume wangu alirudi kutoka kazini akataka kujaribu sauti kabla ya wageni. Televisheni iliongea kwa sauti ya mbu. Akapiga magoti.

"Nani amechomoa waya wa katikati?"

Nilikuwa nachambua mchele. Nikamwambia ni mimi. Halafu nikamwambia yote: mara tatu, kabati la chuma, wali na maharage, uongo niliomwambia mama mzee, na sala ya mchungaji. Nilimwambia kwamba kesho, kama waya utakuwa mahali pake, watu wote watasikia kaka akisema hakumpata, na watakumbuka niliyowaambia.

Mume wangu alikaa kando yangu. Alichukua ungo wangu, akatoa mawe mawili ambayo nilikuwa nimeyapita.

"Basi tuache hivi," akasema. "Tutumie sauti ya TV. Mama mzee atalalamika mbu, tutamwambia ndiyo, ni mbu. Nani atajua?"

"Umebeba sabufa ghorofa mbili."

"Nitaibeba kuishusha. Mama watoto, sikiliza. Mimi sijali spika."

Hakuna mtu aliyewahi kunipenda kwa namna hiyo, na nilijua hivyo alipokuwa anasema. Lakini usiku nilifikiria mama alivyoomba simu, wakamshikia. Mkono haukuwa na nguvu, ndiyo maana walimshikia. Na mimi nitachomoa waya ili asisikike hata kwa mdomo wa kaka?

Jumamosi wageni walifika saa nane mchana, na viti vyao. Mchungaji alikuja, na mama mzee, aliyepewa kiti kilekile. Sebule ilinuka pilau na mafuta ya nywele. Mume wangu alipokuwa anatafuta kipande cha kwanza, mimi nilipiga magoti mbele ya televisheni, mbele ya watu wote, kama mtu anayepangusa vumbi, nikarudisha waya mahali pake. Aliniona. Hakunizuia.

Tulitazama saa nzima. Watu walisema sauti ni nzuri sasa, kama uko pale. Mama mzee alikaa wima, mkono nyuma ya sikio lake zima, akisema tu "ndiyo, ndiyo" kila kaka alipomaliza sentensi. Kwenye sufuria wakacheka kuliko mara ya kwanza. Kaka akageuza karatasi.

Niliona mkono wa mume wangu ukienda kwenye rimoti. Nikauwekea wangu juu.

"Huyu wetu wa Australia," kaka akasema, na akasema yote hadi mwisho. Hakumpata. Kisha wimbo ukaanza, na sebuleni kwetu hakuna aliyeuimba. Wanawake walikuwa wanatazama zulia. Mchungaji alikuwa anatazama mikono yake.

"Rudisha nyuma," mama mzee akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia vizuri. "Hapo mwisho sikushika. Amesema nini habari ya Alhamisi?"

Nilichukua rimoti nikasimamisha picha. Kaka akabaki kwenye kioo, karatasi imekunjwa nusu. Nilikwenda nikapiga magoti kando ya kiti cha mama mzee, upande wa sikio linalosikia.

"Hatukuongea Alhamisi, mama mzee. Niliwadanganya. Alinipigia mara tatu. Niliona, nikasema nitampigia Jumapili."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Na mchungaji akaiombea ile Alhamisi."

"Ndiyo, mama."

Alinitazama. Macho yake yana ukungu, sijui alikuwa anaona nini. Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kunigombeza hakupata nafasi. Kisha akasogeza miguu yake pembeni, akapiga sakafu kwa kidole, mahali pale alipopaachia nafasi.

"Kaa hapa," akasema. "Na uwashe. Bado hawajamzika."